Nilivyompelekea Dada Felista Isale Moshi Mjini

Wengi hapa kwetu Mkuu mmeniuliza nilifuata nini Moshi Jumamosi ile, na mimi nikianza kujibu sauti hupotelea njiani. Kwa hiyo naandika, polepole. Nilikwenda kumwona dada yangu Felista, ambaye yuko Ulaya, na kumwomba msamaha kwa niaba ya mama.

Dada aliondoka miaka sita iliyopita kwenda kusomea uimbaji, baada ya kumkataa mchumba ambaye wazee walikwisha kunywa mbege yake, pombe ya ndizi ya posa. Siku ya kuondoka mama alimwambia maneno ambayo sitayaandika. Tangu hapo hawajaongea, na namba ya dada ilibadilika. Kisha Mwalimu Kavishe, aliyetufundisha kwaya sote wawili na sasa anaishi Moshi, akatuletea habari: Felista anaimba katika opera, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Ni mchezo wa zamani sana, wa kuchekesha, na ungeonyeshwa moja kwa moja kutoka huko kwenye ukumbi wa sinema mjini.

Magoti ya mama hayamruhusu safari. Alikata jani la isale pembeni mwa kihamba, shamba letu la migomba, akalifunga fundo. Kwetu mtu akipelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, ila lazima alione kwa macho yake. Mzazi kumpelekea mtoto si jambo la kila siku, nikaogopa hata kulishika.

"Utamnyanyulia alione," mama akasema.

"Mama, yeye hatatuona."

"Si moja kwa moja? Kama simu ya picha. Ukimwona, naye anakuona. Au unaona haya?"

Haya naona, ni kweli. Nikalipokea jani.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani, viatu vimejaa vumbi. Basi lilisubiri abiria mpaka nikasinzia nimeegemea kioo. Kona za Mwika zilinitia kichefuchefu. Tulipofika Himo joto lilinipiga usoni, na sweta niliyovaa kwa baridi ya nyumbani ikawa mzigo. Jani nilikuwa nimelifunga ndani ya kanga, nikawa nalikagua kila kituo kama mtu aliyebeba mayai.

Saa saba mchana niliingia kwa Mwalimu Kavishe, Majengo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Manka! Umerefuka, sauti imebaki pale pale." Mkewe akaniwekea sahani ya kiburu, maharage mengi kuliko ndizi, nikala nikiwa nusu usingizini.

Nilipomwonyesha jani na kumweleza alivyosema mama, mwalimu alicheka, kisha akaacha.

"Namba ya Felista ninayo," akasema. "Lakini alinipa sharti. Nimpe mama siku atakayoiomba mwenyewe, kwa mdomo wake. Asiambiwe wala asikumbushwe. Na wewe usimwambie."

"Sasa jani nifanyeje?"

"Fanya ulivyotumwa. Mimi siye niliyekutuma."

Saa kumi na moja jioni tuliingia ukumbini. Kwenye pazia kubwa jeupe ikaonekana nyumba ya mzee tajiri, mchoyo, anayetaka kuoa binti mdogo ambaye hamtaki. Kijana anayependwa na binti yule amejificha kabatini, na kila mara mzee akitaka kofia yake iliyomo humo watumishi wanamzuia kufungua. Maneno sikuyaelewa, lakini mzee alipokaa juu ya keki yake ya harusi ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta uso mmoja kati ya watumishi ishirini, maana mwalimu alikuwa ameniambia dada yumo kati yao.

Nilimwona alipoingia na sinia. Kofia nyeupe, shingo ile ile ndefu. Aliimba na wenzake, akatoka. Mchezo ukaendelea, mrefu kama misa mbili, macho yakawa mazito, nikajifinya nisilale.

Mwishoni waimbaji wote walijipanga kuinama mbele ya watu. Felista alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Nikasimama, nikanyanyua jani.

"We dada, kaa chini, unatuziba!"

"Huyu naye anapungia wazungu!"

"Labda anaomba kazi ya kubeba sinia!"

Wakacheka kuliko walivyomcheka mzee wa keki. Ndipo mama mmoja mtu mzima, viti viwili nyuma yangu, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa: "Mwacheni. Ameshika isale, hamlioni?" Kelele zikakatika. Nilisimama hivyo mpaka pazia likawa jeupe tupu. Dada aliinama mara tatu. Hakunitazama hata mara moja, angewezaje?

Jumapili saa nane mchana nilifika nyumbani, miguu imevimba. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Alikuona?"

Njia nzima nilikuwa nimefikiria kusema ndiyo. Aliinama, ningeweza kusema aliinama.

"Hapana, mama. Kule hawatuoni. Sisi tu ndio tunaowaona."

Kisu kikasimama. "Amekonda?"

"Hajakonda. Ana mashavu."

"Na wewe ulisimama?"

"Nilisimama."

"Mbele za watu? Wewe unayeshindwa kusoma matangazo kanisani?" Akacheka kidogo, kisha machozi yakamjaa machoni, akaendelea kumenya. Alimenya ndizi tatu. Nami nilijibana mdomo kwa nguvu zangu zote nisiitaje ile namba.

"Huyo Kavishe," akasema mwishowe, "namba ya mwanangu anayo?"

"Anayo."

"Mwambie..." Akafuta utomvu mikononi kwa kanga. "Hapana. Usimwambie wewe. Nipigie, nimwombe mwenyewe."

Nilichojifunza ni kidogo: unaweza kumbebea mtu jani lake hadi mjini, lakini maneno yake hayabebeki. Nilikuwa nataka kulala tu. Nikatafuta jina la mwalimu, nikampa mama simu.