Mshangao wa Darasa la Nne

Chuoni walimwita Mama Nusu. Jina alipewa na wanachuo wenyewe, kwa sababu kila mwaka, alipoanza kuwafundisha mbinu za kufundisha hisabati, alianza na sehemu, na kwenye sehemu alianza na nusu. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kufika nyuma ya ukumbi bila kupaza. Ualimu wa shule ya msingi aliufanya kwa muda mfupi tu, zamani, kabla ya kupelekwa kusoma zaidi. Aliingia chuoni kama mkufunzi akiwa bado mwembamba, na huko huko akanenepea.

Somo lake la mfano lilisifika. Watu wazima wenye ndevu walibanana kwenye madawati wakajifanya watoto wa darasa la nne, naye akawafundisha. Aliwauliza ipi kubwa, nusu au robo. Wao, kwa kujifanya watoto, walijibu robo, maana nne ni kubwa kuliko mbili. Hapo alitoa karatasi, akaikunja mara moja, akaikunja tena, akaiinua juu. "Haya, robo yenyewe ndiyo hii. Nani bado anaitaka?" Darasa zima lilisema "Aaah!" Kisha akamalizia na utani wake: mkilala wawili, shuka moja, kila mtu ana nusu yake, mkilala wanne, miguu yote inalala nje.

Upande wa pili wa ua wa chuo kulikuwa na shule ya mazoezi, shule ya msingi ambako wanachuo walijaribia kufundisha. Msimu wa mazoezi ulipofika, wakufunzi walipita kwenye kigeti kidogo, wakakaa kwenye kiti cha nyuma ya darasa, wakatazama na kutoa alama. Mama Nusu alipenda sana kazi hiyo. Kila aliposikia ile "Aaah!" ya watoto, moyo wake ulitulia. Aliamini kuwa hapo ndipo mtoto anapoelewa.

Siku moja alikwenda kumtazama mwanachuo mmoja mrefu, ambaye wenzake walimwita Mnara. Kijana alianza vizuri. Alisalimia, akaandika kichwa cha somo ubaoni, akageuka. Macho yake yakakutana na ya Mama Nusu, na yote aliyokuwa ameyapanga yakamtoka kichwani. Akabaki ameduwaa, chaki mkononi.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akamwonea huruma. Alinong'ona, lakini mnong'ono wa mtoto husikika mpaka dirishani.

"Mwalimu, sasa ndiyo unatuuliza ipi kubwa, nusu au robo. Sisi tunasema robo. Halafu wewe unachukua karatasi."

"Karatasi umeiweka kwenye mfuko wa shati, mwalimu," akaongeza jirani yake.

Hakuna aliyecheka. Watoto walimsubiri kwa adabu, kama watu wanaomwelekeza mgeni njia. Mnara akauliza: "Ipi kubwa, nusu au robo?"

"Robo!" waliitika wote.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili!"

Akakunja karatasi. Akaiinua.

"Aaah!" lilisema darasa, mahali pale pale, kwa urefu ule ule. Utani wa shuka ulipofika, walicheka kabla miguu haijatoka nje.

Kalamu ilimdondoka Mama Nusu. Hakuwahi kuingilia somo la mwanachuo hata siku moja, lakini siku hiyo alijikuta amekwisha simama.

"Watoto, niambieni. Ipi kubwa, moja ya tatu au moja ya tano?"

Walitazamana. Yule msichana wa mbele akainua mkono polepole.

"Mwalimu, hiyo hatujaambiwa kama tunakosea au tunapata."

Nje kwenye baraza Mama Nusu alimkuta mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyekuwa akisahihisha madaftari juu ya magoti.

"Mwenzangu, hawa watoto wana nini?"

"Wana nini vipi? Si somo lenu hilo? Kila msimu wanachuo wanakuja nalo, wanarithishana wao kwa wao. Na watoto nao wanarithishana. Wa darasa la tano wanawafundisha wa darasa la nne: hapa mseme robo, hapa mshangae."

"Na nyinyi mkanyamaza?"

Yule mama akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Tulidhani ndivyo mnavyotaka."

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alikuwa akipinda suruali. Mama Nusu alimsimulia yote akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mume akacheka mpaka akashika mbavu.

"Na huo mshangao wameufanyia mazoezi? Hao watoto kiboko, mke wangu!"

Akakanyaga cherehani, bado anacheka. Halafu akauliza tu, bila nia mbaya: "Sasa wale uliowapa alama nzuri miaka yote, wako wapi?"

"Wanafundisha, baba watoto."

Cherehani ikanyamaza. Wote wawili walitazama ile suruali.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo na kuomba apewe hisabati ya darasa la nne, afundishe mwenyewe muhula mzima. Mkuu alivua miwani.

"Mama, wageni wanakuja hapa wanafurahi, wanaondoka wanatusifu. Unataka waje wakute watoto wametumbua macho?"

"Mkuu, mficha uchi hazai."

Mkuu alikubali, kwa kuamini kwamba angechoka mapema. Mama Nusu naye alianza akiamini kwamba ataonyesha jinsi kazi inavyofanywa. Wote wawili walikosea.

Alimwomba Mnara akae kwenye kiti cha nyuma. Akasimama mbele na kamba na mkasi. Akauliza swali la kwanza, na watoto wakakaa wakisubiri kujua zamu yao ya kusema nini. Mmoja akajibu ovyo, wenzake wakampigia makofi ya mpangilio. Mwingine akajibu sawa, makofi yale yale. Alishindwa kabisa kujua nani anajua na nani anaigiza. Watu wazima wa chuoni, walipojifanya watoto, walikosea kwa utaratibu, kosa moja kwa wote. Watoto wa kweli walikosea kama mbuzi waliofunguliwa zizi, kila mmoja na kichaka chake. Huyu anataka kukojoa, huyu kakata kamba ya mwenzake, yule kalala fofofo. Kengele ikalia. Hakuna alichofundisha.

"Umeonaje?" alimuuliza Mnara walipobaki wawili. Kijana akainama.

"Sema tu, baba. Ungenipa alama gani?"

"Mwalimu... ningekwambia urudie."

Mabega ya Mama Nusu yakaanza kutikisika. Mnara hakujua kama anacheka au analia, naye hakuthubutu kuuliza.

Wakarudia. Tangu hapo walikaa pamoja kila baada ya kipindi, mkufunzi na mwanachuo, wakijiuliza si wamefundisha nini, bali mtoto fulani alikuwa akiwaza nini alipojibu vile. Makofi aliyapiga marufuku. Watoto walipata tabu, wengine walimnunia. Yule msichana wa mbele, aliyezoea kuwaokoa walimu, alikaa kimya muda mrefu kuliko wote, maana hakuwa tena na mstari wa kumkumbusha mtu.

Hadi siku moja akakataa. Mama Nusu alikuwa amesema, kwa mara nyingine, kwamba nusu ni kubwa kuliko robo.

"Siyo kweli," alisema msichana. "Robo ya mkeka wetu wa nyumbani ni kubwa kuliko nusu ya karatasi yako."

Miaka yote Mama Nusu aliinua karatasi ile, na hata mara moja hakuwahi kusema kwamba ni lazima nusu na robo ziwe za kitu kile kile. Hakuna mwanachuo aliyewahi kumuuliza. Wote walikuwa wakingoja kushangaa. Alikaa juu ya dawati la kwanza, akasema, "Umenipata. Ehee, sasa tufanyeje?" Darasa likalipuka kwa ubishi, kila mtu na mkeka wake, na Mnara kule nyuma akasahau kabisa kwamba yeye ni mtazamaji, akaingia kubishana.

Mabadiliko chuoni hayakuja kama mvua. Mama Nusu alipendekeza wanachuo wakafanye mazoezi katika shule zisizowazoea, tangu mwaka wa kwanza, wakae huko hadi wawajue watoto. Na kila mkufunzi awe na darasa la watoto analofundisha mwenyewe. Baadhi ya wenzake waliacha kumsalimia. Alama zilishuka, wazazi wa wanachuo wakaja kulalamika, na mkuu akakubali la kwanza tu. Kuhusu la pili alisema anayetaka aende, asiyetaka asilazimishwe. Mnara alirudia mazoezi yake, akafaulu kwa alama za kawaida kabisa, akapangiwa kazi mbali.

Aliyekuwa mbishi kuliko wote ni mkufunzi wa lugha, mzee wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye somo lake la mfano lilikuwa hadithi moja aliyowasimulia wanachuo kila mwaka. Alisema hayo ni mambo ya hisabati, kwenye lugha hayapo. Asubuhi moja alipita kigetini kwenda kuwafundisha watoto mwenyewe, labda kwa ajili ya kuthibitisha neno lake. Wakati wa chai akarudi, akakaa mezani, kikombe kikapoa mbele yake.

"Vipi?" Mama Nusu akamuuliza.

Mzee alilegeza tai.

"Hadithi yangu wanaijua yote," alisema. "Mpaka pale ninapokohoa, wanakohoa."