Baba Mchungaji na Watani wa Mama Yake

Hapa Bigwa tulimwita Evance Baba Mchungaji kabla Kanisa lenyewe halijamwita hivyo, na hatukumwita kwa heshima. Alikuwa mwaka wa kwanza tu chuo cha theolojia, hajaruhusiwa hata kubariki soda, lakini alishaanza kutembea mikono mgongoni, kichwa kimelala upande, kana kwamba anasikiliza jambo ambalo masikio yetu sisi hayalifikii.

Mimi Paskalia nimekaa nyumba ya pili kutoka kwa mama yake tangu yeye hajazaliwa. Nimemfuta kamasi. Nikisema alikuwa na kiburi cha kijinga simsingizii, na wala simtanii. Kumtania sina haki, maana ukoo wangu na wake si watani. Nasema nilichokiona.

Alikuwa akija likizo na suti moja nyeusi, anaivaa hata kwenda kununua mkaa. Wazee wa mtaani, wengi wao Waislamu waliomjua akitambaa, aliacha kuwaamkia shikamoo. Akawa anawaambia "Bwana asifiwe", halafu anasubiri wamjibu. Mzee Hafidhi alimwangalia siku moja, akageukia redio yake akaongeza sauti. Kwa mama muuza maandazi tulisimama foleni ndefu huku Evance akitueleza neno "mkate" kwa Kigiriki linavyotamkwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Maandazi yakapoa.

Mama yake, Ester, alikuwa anamjivunia. Ndicho kilichonikera zaidi. Mwanamke aliyepanda na kushuka mlima na matenga ya ndizi mpaka mguu mmoja ukapinda, akawa anatembea kwa kuuvuta na kuupiga chini, halafu yule kijana anamsahihisha namna ya kuomba kabla ya kula.

Sasa, kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kila ukoo una watani wake. Watani wa akina Ester walikuwa ukoo wa Mwanahawa, mama mmoja wa huko juu mlimani, mkulima wa maharage, Mwislamu, mdomo hauna mlango. Msiba ukitokea, watani ndio wanaochimba kaburi na kulifukia, na ndio wanaomtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke. Wakishacheka, kilio kinatoka vizuri. Dini haijawahi kuingilia hapo. Maimamu wamelikuta jambo hilo, mapadre wamelikuta, wakaliacha.

Evance hakuliacha.

Mjomba wake Benedikto, kaka yake Ester, alipofariki, kijana alikuwa mwaka wa pili. Mwinjilisti akampa nafasi ya kuhubiri kaburini, na Evance akaja na wenzake wa chuo, wageni kabisa, ili wamwone. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtu anayehubiri ili aonwe, usimpe watu wa kumwona.

Mwanahawa alitokea migombani amevaa koti la marehemu nje ndani na kofia yake kichwani. Alikohoa kikohozi cha Benedikto, kile cha kuomba aongezewe mboga. Akafika kaburini akajilaza ukingoni, akatangaza kwamba maiti hii haizikwi, kwa sababu Benedikto alimwahidi ndoa tangu wakiwa wasichana na wavulana, na leo anajifanya kukimbilia mbinguni. Watu walicheka. Magreth, mjane wa marehemu, ambaye tangu jana yake alikuwa amekaa kama gogo bila hata kunywa maji, alicheka mpaka akalia, akalia kweli, na wanawake wakamshika.

Wenzake Evance wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza kitu. Nilimwona Evance akiona aibu, si aibu ya dhambi, ni ile ya mtu aliyewaambia wenzake kuwa kwao ni mjini.

Akanyanyua mkono. "Toka hapo, mama," akasema, kwa ile sauti aliyoletewa na chuo. "Mazishi ya Kikristo si ngoma ya mapepo." Kisha akainama, akamvua Mwanahawa kofia kichwani.

Mwanahawa aliinuka, akajikung'uta udongo, akalivua lile koti, akalikunja vizuri, akampa Magreth. Akaondoka. Ndugu zake wakalaza majembe chini, polepole, wakamfuata. Evance akahubiri muda mrefu mno, na Kigiriki kikawemo. Mwisho wale wageni wa chuo wakafukia kaburi wakiwa na viatu vyao vya ngozi, wakirushiana udongo, huku wakimpongeza kwa ushujaa. Ushujaa wa kumvua kofia mama mtu mzima.

Kesho yake nilikuwa kwa Ester tukichambua maharage. Evance alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, anasoma. Ester hakuwa mtu wa kugomba. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, akamwambia bila kumtazama, "Mimi nikifa, Mwanahawa aje anitukane. Nisizikwe kimya kama mpita njia."

Evance akafunga kitabu juu ya kidole na kuanza kumweleza mama yake maana ya dhihaka katika Maandiko. Nilinyanyuka nikaenda kwangu. Ningebaki ningemmwagia maharage.

Masika iliyofuata presha ikamwangusha Ester shambani. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Evance alibakiza muhula mmoja amalize chuo.

Alikuja na ile suti. Hakulia. Alizunguka akipanga viti, akiuliza kipaza sauti kiko wapi, na kwaya itaingia saa ngapi. Watu wakasema ana imani. Mimi nilimwona ameishika ile karatasi ya ratiba juu chini, nikasema acha aisome.

Watani walifika. Hilo nataka lieleweke, hawakususa. Walipanda na majembe yao, wakachimba kaburi zuri, pembe zimenyooka. Lakini walikuja wamevaa nguo safi, za kwendea kwenye sherehe, na walichimba bila kusema hata "pole". Walipomaliza wakakaa kwenye viti vya plastiki, mstari mmoja, mikono magotini. Mwanahawa alikuwa katikati yao na baibui jeusi, ametulia kama yuko kliniki.

Jeneza likafika ukingoni. Waombolezaji wote walikuwa wanamtazama Mwanahawa, na Mwanahawa alikuwa anatazama mbele.

Evance akafungua Biblia, akaifunga. Akatoka mahali pake, akaenda mpaka kwenye vile viti, akainama. "Shikamoo mama," akasema. Nadhani ilikuwa ya kwanza tangu aende chuo.

"Marahaba."

"Mama aliomba umtukane."

"Mlitukataza, Baba Mchungaji," Mwanahawa akamjibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Na sisi tumesikia. Endeleeni na ratiba."

Nilifurahi. Sitaficha. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima mtu amwambie hivyo.

Alirudi kaburini. Tukadhani atahubiri. Badala yake aliuchukua mtandio wa mama yake uliokuwa juu ya jeneza, akajitanda kichwani, juu ya ile suti. Akaanza kutembea kando ya kaburi akiuvuta mguu. Akasema kwa sauti nyembamba kwamba ndizi zake ni tamu kuliko za wote. Alikuwa anamwigiza mama yake. Mtoto, mama yake hajafukiwa, anamfanyia utani mwenyewe. Mambo hayo hayafanyiki. Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama chini, na mimi, pamoja na dharau yangu yote, nikatamani mtu amwondoe pale. Alienda mpaka mwisho wa kaburi, akageuka, akaendelea kuuvuta ule mguu, uso umekauka.

Mwanahawa alisonya. Akasimama, akavuka mpaka pale alipokuwa, akamvua ule mtandio kichwani kama Evance alivyomvua yeye ile kofia.

"Unakosea," akamwambia. "Mguu ulikuwa wa kushoto."

Akajitanda, akajishika kiuno, akaanza kutembea. Na alikuwa Ester mtupu, anateremka na tenga lake, anawatukana wanunuzi. Kicheko kilianzia kwa Magreth. Evance aliketi chini kwenye udongo na suti yake, akacheka, halafu akalia kama mtoto, kwa sauti yake ya zamani, ile ya siku nilizokuwa nikimfuta kamasi.