Wapishi wa Mektilda Hula Kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, nje ya hospitali ya Kitete, mjini Tabora. Supu inachemka, chapati ya kwanza imeiva, na wateja wawili wameshakaa kwenye benchi. Mektilda Luhende anaiepua chapati, anaikata katikati na kuwapa wasaidizi wake.

“Wateja mtanivumilia kidogo,” anasema huku akicheka. “Hawa ndio ng’ombe wangu.”

Wasaidizi hao, Julieth na Apolinaria, hawachukii kuitwa ng’ombe. Wanatafuna.

Jina hilo lilitoka kwenye Biblia. Mwaka juzi, katika jumuiya yao ya Kikatoliki, kilisomwa kifungu cha Kumbukumbu la Torati kinachokataza kumfunga kinywa ng’ombe anayepura nafaka. Mwenyekiti wao, mzee Adriano, akauliza nani amekielewa.

“Nikamwambia, mzee wangu, mimi sina hata mbuzi,” anakumbuka Mektilda. “Halafu kwetu Nzega mpunga tunaupiga kwa fimbo. Ng’ombe anaingiaje hapo?” Watu wakaangua kicheko.

Adriano akaeleza kwamba katika nchi zile ng’ombe walikanyagishwa masuke mpaka punje zitoke, na walipoinama kula kidogo waliachwa. Hata hivyo, Mektilda alirudi nyumbani bila kuona jambo hilo linamhusu vipi mama lishe.

Kesho yake akaona. Julieth alikuwa akiwapakulia pilau watu waliotoka kuwatazama wagonjwa. Kila akijaza sahani, anameza mate. Kwa desturi ya kazi hii, msaidizi hula kilichobaki wateja wakishaisha. Mektilda naye alilelewa hivyo kwenye vibanda vya watu.

“Nikasema, kumbe ng’ombe ninao. Tena wawili!”

Mumewe Ezekia, fundi baiskeli, hakupendezwa wasaidizi walipoanza kula kabla ya wateja. “Nilimwambia watatumalizia mtaji,” anasema. Wakanuniana. Na kweli, siku za mwanzo Apolinaria alikula kama mtu anayeogopa sahani itanyang’anywa. Baadaye akatulia.

Kisha, Julai iliyopita, familia moja inayoishi jirani na Kipalapala ikampa Mektilda kazi ya kupikia sherehe ya padri mpya. Wageni mia mbili. Alikuwa hajawahi kupata kazi kubwa hivyo. Siku moja kabla, malaria ikamlaza.

“Nililia. Niliona jina langu limeharibika mji mzima.”

Asubuhi ya sherehe, mlango ukagongwa.

“Shikamoo, mama. Tupe funguo za stoo,” akasema Julieth.

“Marahaba. Mtaweza kweli?”

“Wewe lala, mama. Sisi tumeshakula, sasa tunaenda kupika.”

Ezekia alifuatana nao, akakabidhiwa gunia la viazi. “Nilimenya mpaka vidole vikakakamaa,” anasimulia. “Mara Apolinaria akaniletea sahani ya nyama, wageni hata hawajafika. Akaniambia, kula, baba, kazi bado mbichi. Tangu siku hiyo sijauliza tena habari za mtaji.”

Wageni walishiba na kusifu, na wenye sherehe wakawaelekeza wengine kwa Mektilda.

Sasa anajiandaa kufungua kibanda cha pili huko Bukene, karibu na stesheni. Atakayekisimamia ni Julieth, na faida watagawana.

Je, Julieth haogopi? Anajifuta mikono kwenye kanga, anafikiri.

“Naogopa kitu kimoja tu. Watu wa Bukene nawajua, ni ndugu zangu. Nikiwaajiri wale, watakula mpaka wateja wakose!”

Mektilda anadakia: “Basi tutanunua sufuria kubwa.”