Cheti Kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua mbaazi, na kama ilivyo desturi yangu nikapitia upande wa wauza korosho kumjulia hali mama mmoja niliyefahamiana naye kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikakuta mahali pake pamefagiliwa, hapana jiko wala ungo. Jirani yake, ambaye kila nikifika hunitania kwamba nanunua korosho chache na maneno mengi, safari hii hakutania. Aliniarifu kwamba mwenzake ameugua siku tatu tu, amefariki Jumatano na kuzikwa Alhamisi, kisha akanipa pole kama anavyopewa ndugu wa marehemu. Sikuwa ndugu yake. Sikuwa hata rafiki, kwa maana ya kualikana na kutembeleana. Nilikuwa mtu aliyemponza siku moja kwa kuandika ukweli, naye hakunilaumu wakati ule wala baadaye. Wasomaji wa safu hii wamezoea kunivumilia ninapoacha mambo ya wakubwa nikaandika habari za mtu asiyejulikana. Leo nawaomba wanivumilie tena, kwa sababu sijapata kumstaajabia mtu yeyote kama nilivyomstaajabia yeye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na bado nasubiri shule ya kunipokea, nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja, Mhindu mzaliwa wa mji huu, juu ya duka la vitambaa kule Mchafukoge. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa karatasi za wasafiri: hati za kusafiria, maombi ya viza, barua za udhamini. Nilijivunia sana usahihi wangu. Chuoni tulifundishwa kwamba fomu ni kiapo, nami niliamini hivyo kwa bidii ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji chochote kutoka kwenye fomu. Siku anayoingia mama yule katika habari hii, wakili alikuwa mahakamani na mimi nilikuwa peke yangu na mashine yangu. Wakapanda ngazi mwanamke wa miaka thelathini hivi, Mmakonde mwenye chale usoni na ndonya mdomoni, na binti yake wa miaka saba. Ngazi zilikuwa fupi, lakini walipumzika mara mbili kwa ajili ya mtoto.

Mtoto huyo alizaliwa na mshipa karibu na moyo ambao kwa watoto wengine hujifunga wenyewe siku chache baada ya kuzaliwa. Wake haukujifunga, na daktari wa misheni alikuwa amemwambia mama waziwazi kwamba asipopasuliwa hatafika utu uzima. Hapa kwetu hapakuwa na wa kuufunga. Daktari akaandika kwa hospitali moja ya ng'ambo ya bahari, hospitali ikakubali kumtibu bure, kitanda kikatengwa kwa mwezi wa Oktoba, na nafasi melini ikapatikana. Kilichobaki kilikuwa viza, na usaili wa mama katika ofisi ya ubalozi mdogo wa nchi hiyo mwishoni mwa Agosti. Kwa usaili huo alitakiwa kuleta cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi zaidi ya miezi sita tangu alipotimiza miaka kumi na sita, kuthibitisha kwamba hana kosa lolote alilolitenda huko.

Nilimwuliza maswali ya fomu, moja baada ya jingine, macho yangu yakiwa kwake na si kwenye karatasi. Nilipofika kwenye makazi akasema kwamba tangu kuzaliwa hadi alipokuwa na miaka ishirini na miwili aliishi ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wareno. Nikaandika. Akaweka dole gumba chini ya maneno hayo, na mchana uleule nikaipeleka fomu ubalozini kwa mkono wangu, nikirudi kwa mwendo wa mtu aliyetimiza wajibu.

Cheti cha hapa Tanganyika kilitusumbua, lakini kwa namna ya kuchekesha. Mafuta ya ganda la korosho hula ngozi, na yeye alikuwa amekaanga na kubangua korosho miaka minane. Askari alimpaka wino, akavibingirisha vidole vyake kwenye karatasi mara tatu, na mara zote tatu yakatoka madoa matupu. Akamwuliza vidole vyake vimekwenda wapi. "Mmevila ninyi," akamjibu, "tena mkaongeza na chumvi." Akaambiwa asiguse korosho wiki mbili na ajipake mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Kwa wiki hizo mbili wanawake wenzake walipokezana kumkaangia, naye akakaa kando ya jiko lake mwenyewe kama bibi harusi, akitaniwa na soko zima kwamba sasa amekuwa mke wa ofisa.

Wakili aliposoma nakala ya fomu alivua miwani yake na kuiweka mezani polepole. "Binti," aliniambia, "nusu ya wauza korosho wa mji huu wanatoka Newala. Newala haina watu wengi kiasi hicho. Ulidhani wametoka wapi?" Ndipo nikaelezwa jambo ambalo kila mtu Kariakoo alilijua isipokuwa mimi msomi. Ng'ambo ya mto, wenyeji walilazimishwa kulima pamba; kila mtu alipimiwa shamba lake, na aliyeliacha alihesabiwa mtoro na kusakwa. Waliovuka, karani wa upande huu alipowauliza wametoka wapi, walijibu Newala, wilaya ya upande huu, na karani, ambaye hakuwa mjinga, aliandika Newala. Ulikuwa wema wa pande mbili, umefanywa kwa utulivu na kwa miaka mingi, nami nilikuwa nimeuvunja kwa swali moja lililoulizwa kwa adabu.

Barua ya ubalozi ilipofika ilitaka, kama tulivyoogopa, cheti cha polisi wa upande wa Wareno. Mwakilishi wa Wareno hapa mjini alimjibu wakili kwamba mwenyeji hapewi cheti kwa posta. Ni lazima afike mwenyewe kwenye kituo ambako jina lake limo kitabuni. Niliomba niruhusiwe kupiga fomu mpya. Wakili akasema kwamba fomu mbili zenye dole gumba moja na maneno mawili tofauti zingeufunga mlango kabisa, na alisema kweli. Basi nikaenda sokoni kumwambia. Wenzake walitoa kila shauri: aseme alikuwa na homa siku ile, aseme msichana wa taipu ni kiziwi, aseme Ruvuma ni jina la mtaa. Walicheka, naye akacheka nao. Mimi sikuweza. Nikamwuliza kwa nini alinijibu vile, hali wengine wote husema Newala.

"Uliniuliza vizuri," alisema. "Wengine huuliza wakiwa wameshaandika."

Nikamsihi asiende. Nikamwambia wakili atatafuta njia, ingawa nilijua hakuna. Akaniambia tu kwamba mtoto akae nyumbani kwetu Magomeni kwa mama yangu, na kwamba yeye njia anaijua, aliwahi kuipita. Mwanzoni mwa Juni akapanda meli ya pwani kwenda Lindi.

Zilipita wiki kumi bila habari. Mtoto hakuwa na usumbufu. Alimsaidia mama yangu kuchambua mchele, akachoka, akalala kwenye mkeka hata jua likiwa bado juu. Siku moja nilipomfunika niliweka kiganja kifuani mwake, na nikahisi mtetemo usiokoma, kama wa cherehani inayoendeshwa chumba cha pili. Nikauondoa mkono wangu kana kwamba umeungua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, umri uleule aliokuwa nao mama yake alipovuka mto, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba maneno ninayoyapiga kwenye mashine huondoka pale mezani na kwenda kufanya mambo mahali ambako sitafika.

Alirudi wiki ya tatu ya Agosti. Alipanda ngazi za Mchafukoge amekonda hata shingo yake ikawa kama ya mtu mwingine, mikono imechanika kwa vikonyo vya pamba, ingawa wakati huo sikujua ni nini kilichoichana. Alikuwa na kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa nta, na ndani yake karatasi moja, kavu, yenye mhuri. Alisema, "Nimekuja nayo," akaulizia mtoto, akaenda zake Magomeni.

Karatasi ilikuwa ya Kireno, na wakili alitaka kujua inasema nini kabla haijafika ubalozini. Nikaipeleka kwa mzee mmoja Mgoa, mshona suti wa mtaa wa pili, ambaye lugha hiyo aliisoma utotoni kwao. Aliisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alisimama, na akanifasiria akiwa amesimama. Ilisema kwamba mwanamke huyu, mwenyeji wa wilaya ile, aliandikwa kitabuni kuwa amekufa maji alipokuwa akivuka mto. Kwamba amefika kituoni kwa miguu yake na kujitaja jina. Kwamba ameamriwa kuvuna shamba la kadiri ya lile aliloliacha, naye amelivuna peke yake hadi likaisha. Na kwamba kuanzia siku ile hana kosa wala lawama. Mzee alikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile. "Alikuwa salama, mwanangu," aliniambia. "Katika kitabu chao alikuwa maiti, na maiti hasakwi na mtu. Amekwenda kujifufua ili wamtie kazini."

Nimesoma na kusikia habari nyingi za ushujaa tangu siku ile. Baadhi zilitokea mbele ya halaiki, na waliozitenda wamepata, kwa haki kabisa, mitaa yenye majina yao. Lakini kila ninapotaka kujipimia neno hilo, humwona mtu amesimama mbele ya meza ya askari, anauliza habari za jina lake kama la mtu mwingine, anasikia kwamba mwenye nalo amekufa, anatambua kwamba akigeuka na kuondoka atakuwa huru maisha yake yote, kisha analitaja kuwa ni lake. Yule ofisa aliyeandika cheti naye sijui nimwekeje. Angeweza kumfunga. Angeweza kumwacha avune kisha asimwandikie kitu. Aliandika, tena aliandika yote, kana kwamba na yeye aliona jambo ambalo kitabu chake hakikuwa na safu ya kulitia.

Nilipokutana na mama yule nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa huruma, mimi niliyepaswa kumwonea yeye huruma. "Ungelia," alisema, "na wewe ndiye mwenye mashine."

Siku ya usaili nilikwenda naye kama mkalimani. Balozi mdogo hakuwa mtu mbaya; alitukaribisha viti na akamchekea mtoto. Alizipitia karatasi kwa kidole gumba kama mtu anayehesabu kurasa: picha, barua ya daktari, cheti cha Tanganyika, cheti cha Kireno. Mhuri ulikuwepo. Akaifunika karatasi hiyo kwa iliyofuata. Hakuisoma, na nadhani hakujua Kireno. Aliuliza swali moja tu, kama mama anakusudia kurudi baada ya matibabu, naye akajibu kwamba jiko lake liko sokoni na halina mtu. Viza zikatolewa. Walisafiri, mtoto akapasuliwa, wakarudi kabla ya mwaka kwisha. Na yule binti, ambaye leo ni mke wa mtu huko Tanga, ndiye aliyefika Alhamisi ile kumzika mama yake.

Tulipotoka ubalozini mchana ule nilikuwa nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja, na hasira ikatangulia kusema. Nilimwambia kwamba yule bwana hakuisoma karatasi, hata mstari mmoja, baada ya yote yale. Alikuwa ameinama akimfunga mtoto gauni, na hakuinua kichwa. "Wewe si umeisoma?" alisema. Nikamwambia ndiyo. "Basi," akasema, na tukaanza kutafuta kivuli.

Bendera zimebadilika tangu wakati huo, pande zote mbili za mto, na hakuna tena anayelazimika kusema Newala. Fomu hazikupungua. Zimeongezeka, na sasa zinaulizwa kwa lugha yetu wenyewe na watu wetu wenyewe, nami ni mmoja wao, kwa kuwa baada ya miaka ya kufundisha nilihamishiwa ofisini, ambako watu huniletea vyeti vya kuzaliwa, vya shule, vya vifo. Vijana ninaofanya nao kazi hulalamika kwamba mafaili hukaa mno kwangu. Wanasema mhuri huonekana kwa mbali na hauhitaji kusomwa. Nawaambia tu kwamba anayeshika karatasi ya mtu hajui imepita wapi kabla ya kufika mezani pake, na kwamba kuisoma mpaka mwisho ndiyo heshima ya kwanza anayoweza kumpa mwenye nayo, na mara nyingi ndiyo pekee iliyo katika uwezo wake.