Chai Aliyoiomba Kanyere

Siku hizi Papa Grégoire akipita hapa mtaani kwetu Ndosho, watu hunong'ona. Wananiudhi. Wengi wao hawajawahi kumpenda mtu hata robo ya vile mzee huyu alivyompenda mkewe Kanyere. Mimi nimekaa nao ukuta kwa ukuta miaka mingi, kwa hiyo mniache niseme.

Grégoire ni fundi wa kuta. Anachonga mawe meusi ya volkano na kuyapanga mpaka panya hapati pa kupita. Kanyere aliuza maharagwe sokoni, mwanamke mnene, mcheshi, mpenda chai tamu kuliko wote ninaowajua. Alipoanza kunywa maji kama mtu aliyelamba chumvi, na kidonda mguuni kikakataa kupona, walimpima kwenye kituo cha afya, wakamkuta na kisukari. Muuguzi Charline aliwaeleza mambo mengi siku ile. Grégoire alirudi nyumbani na mawili tu kichwani: dawa isikose hata siku moja, na sukari ipunguzwe.

Kupunguza kwake kulikuwa kufukuza kabisa. Sukari ilitoka ndani ya nyumba ile, na asali ikaja kwangu. Kanyere akirudi sokoni, kikapu chake kilipekuliwa kama mzigo wa mpakani, hata watoto wa mtaa wakambatiza mzee jina la Papa Duani, yaani Baba Forodha. Kanyere alicheka nao. Siku moja nilimkuta nyuma ya choo chetu anatafuna biskuti, akaweka kidole mdomoni ili ninyamaze, nami nikanyamaza. Lakini tusiwe wachoyo wa shukrani: ulinzi ule ulifaa. Kidonda kilipona, macho yakaona vizuri, na mzee akatembea kifua mbele.

Kisha vita vikaziba barabara, na vidonge alivyovizoea vikakosekana mjini. Grégoire alizunguka maduka ya dawa mpaka viatu vikalia. Mwishowe muuzaji mmoja akampa vidonge vya aina nyingine, vidogo, akamwambia navyo ni vya kisukari, mgonjwa ameze kabla ya kula. Mzee alirudi anaimba. Hakujua kwamba dawa za kisukari hazifanani tabia, na hakuna aliyemwambia apitie kwanza kwa Charline.

Wakati huohuo mtoto wao wa pekee, Prodige, alikuwa amekwenda kununua maharagwe upande wa Rutshuru. Simu yake ilinyamaza baada ya kupita Rumangabo njiani. Mama yake hakulala. Katika shirika letu, yaani sisi familia za jirani tunaosali pamoja, mwenyekiti wetu Mama Twizeyimana alitangaza siku tatu za kufunga kwa ajili ya kijana huyo, bila chakula mpaka rozari ya jioni. Kanyere alikuwa amefunga mara nyingi na dawa yake ya zamani, wala hakupata shida. Sisi tunasema dawa haivunji mfungo. Basi kila asubuhi alimeza kile kidonge kipya kwa maji matupu, na mumewe alisimama pembeni kuhakikisha amemeza.

Siku ya tatu, mchana, alianza kutetemeka. Jasho likamtoka ingawa kulikuwa na baridi ya mvua. Akawa mkali bila sababu, akamwita mumewe kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Yaliyofuata amenisimulia Grégoire mwenyewe.

"Papa Prodige, unipatie chai ya sukari," Kanyere alisema. "Hata kidogo. Mwili yangu inaitaka."

Mzee aliamini sukari imepanda. Angeamini nini kingine, ikiwa sukari ndiyo adui aliyempiga vita miaka yote? Alimfuta jasho, akamshika mikono.

"Hapana, mama. Sukari njo inakuua. Miye nataka uishi."

Akaomba tena, na tena. Mumewe akampa maji. Alipoona mtetemeko unazidi, akamletea kidonge cha jioni mapema, akambembeleza mpaka akameza. Roho inaniuma ninapoandika hivi, kwa sababu najua alimbembeleza kwa sauti gani.

Alipoanguka, mzee aliniita juu ya ukuta. Tulimbeba mpaka kituo cha afya. Charline alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akauliza mgonjwa alikula saa ngapi. Grégoire akajibu kwamba hakula, anafunga, lakini dawa amemeza vizuri, hata ya jioni. Akatoa pakiti mfukoni kwa fahari ya mtu aliyetimiza kazi.

Charline alikuwa tayari anatafuta mshipa wa kumtilia maji ya sukari. "Sukari haikupanda, Papa," alisema taratibu. "Ilishuka. Ilishuka sana. Dawa hii haimezwi bila kula."

Walihangaika naye sana. Hakufumbua macho tena. Kesho yake, kabla ya misa, Kanyere alituacha.

Kwenye kilio Mama Twizeyimana aliwaambia waombolezaji kwamba sukari ilipanda ghafla, na kwamba kufa ukiwa kwenye mfungo ni kufa vizuri. Maneno hayo yalimfaa kila mtu, na yangeweza kumfaa Grégoire zaidi ya wote. Aliketi akiinamia mikono yake ya kuchonga mawe.

Ndipo lori la maharagwe likasimama barabarani na Prodige akashuka, mzima kabisa, ila simu yake ilikuwa imeporwa njiani. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya baba yake, akauliza mama amekufa na nini. Mama Twizeyimana alifungua mdomo. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Mama yako aliishiwa sukari mwilini. Aliniomba chai. Miye nilimukatalia, nikamupa na dawa ingine juu. Njo ilimuua."

Kisha akatugeukia sisi.

"Mutu wa kisukari akitetemeka na kutoka jasho, na angali anaweza kumeza, mumupatie sukari mbio, kisha mumupeleke kwa munganga. Na kama hatakula, aulize kwanza mbele ya kumeza dawa. Musifanye kama miye."

Prodige alilia, akamshika baba yake magoti, wala hakumlaumu. Baadaye akainua uso na kuuliza kwa nini mama hakuwa amekula, alikuwa anafungia jambo gani.

Sote tulitazama chini. Grégoire, aliyekuwa amekiri yote mbele za watu, hilo hakuweza kulitamka. Alimshika mwanawe bega, akamwambia ametoka mbali, aketi kwanza, chakula kipo.