Babu Alipoulizwa Msuli

Kreche-kreche, kreche-kreche. Mnyororo wa baiskeli ya babu ukisugua kava lake lililopinda. Hata leo nikisikia kitu kama hicho, nageuka. Tulipokuwa wadogo pale Mabawa, baiskeli ndiyo ilikuwa miguu ya nyumba. Ilibeba nazi, ilibeba mkaa, ikatubeba na sisi, mmoja kwenye keria, mwingine mbele kwenye chuma cha mtalimbo, makalio yamekufa ganzi mpaka sokoni.

Vijana wa leo wanapanda bajaji mpaka Raskazone, wanashuka mlangoni kwenye jumba la mazoezi, halafu wananyonga baiskeli isiyokwenda popote, macho ukutani. Wakimaliza wanaita bajaji iwarudishe nyumbani. Ati miguu imechoka.

Siku mwalimu alipotufundisha misuli, nilirudi na swali langu mbio.

"Shikamoo babu. Eti ukinyonga baiskeli, msuli upi unafanya kazi?"

"Marahaba." Akajitazama kiunoni. "Huu wa kijani. Ule wa bluu uliliwa na mnyororo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alipoelewa nasema misuli ya mwilini, si nguo, alinipandisha kwenye tandiko, akashika baiskeli kwa nyuma. "Haya, kanyaga. Shika paja lako hapo mbele. Limekaza?"

"Kama ubao."

"Hilo ndilo msukumaji. Makalio na nyuma ya paja wasaidizi wake. Vigimbi vinamalizia kule chini. Tumbo na mgongo vinakushikilia upepo wa bahari usikuyumbishe. Mikono ilegeze, baiskeli haikimbii bila wewe."

Shangazi akatokea na ungo wake. "Baba, mshushe huyo mtoto wa kike. Ataota vigimbi kama mchukuzi wa bandarini, nani atamwoa?"

"Ataolewa na mwenye baiskeli."

Shangazi hakucheka. Nikashuka. Na mimi ndoto yangu ilikuwa moja tu, ninyonge mwenyewe mpaka baharini. Kila nikitoka kuoga, nimejifunga khanga, nilijigeuza kwenye kioo cha kabati kutazama kama vigimbi vimeanza kuchungulia. Nilivitamani na kuviogopa. Siku moja babu alinikuta hivyo, akasema taratibu, "Baiskeli iko ukutani. Miguu ni yako."

Leo mabinti wanalipa ili waote vigimbi vilevile, wakivipata wanavipiga picha. Hongereni. Sisi tulivipata bure na matusi juu. Ila barabara yetu imejaa bodaboda, na siku hizi simwoni tena mzee akipita polepole na baiskeli yake, msuli kaukunja magotini, akimsalimu kila aliye barazani. Hicho hakiuzwi kwenye jumba la mazoezi.

Huyo mume wa kunioa sijui angetoka wapi. Lakini alasiri moja siku zile, shangazi akiwa harusini, niliitoa baiskeli uani. Kichochoro kilikuwa kitupu. Nikakunja gauni, nikalifunga fundo kiunoni, nikapanda.