Pakiti Nzima Kwenye Kikombe cha Chai

Saa tatu asubuhi, nesi wa mtaa anapanga mezani chupa ya lita moja, kikombe cha chai, kijiko na pakiti za unga wa kumnywesha mtoto anayeharisha. Kisha anaketi, kimya. Kinamama ishirini na nne wanatazamana.

"Leo nesi kapoteza sauti," anatania mmoja wao, fundi cherehani.

"Sauti ninayo, mwenzangu. Leo nataka mikono yenu."

Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha kwa mdomo. Daftari lake liliandikwa, "Lengo: kinamama waelewe." Chini yake, kila Jumatano: "Wameelewa." Nani angebisha? Waliitikia kwa pamoja, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Aliyekuwa akikaa mbele kabisa ni mkaza mwanawe. Alijibu kabla swali halijaisha, mpaka wenzake wakambandika jina la Mwalimu Mkuu.

Mwezi uliopita mtoto wake, mjukuu wa nesi, aliharisha. Mama mtu hakuzembea. Alikoroga unga, akamnywesha usiku kucha. Kulipokucha mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, analilia maji, mwili unamshtuka.

Nesi alifika mbio, akauliza dawa ilichanganywaje. Akaonyeshwa kikombe cha chai. Pakiti nzima, ya lita moja, ilitiwa humo, chumvi yake ikawa kali kupita kiasi.

"Nilikishika kile kikombe mkononi," anasema. "Nikamuuliza, si nilikufundisha? Akanijibu, 'Ulisema, mama. Lakini hapa ndani sina kitu kinachoitwa lita.'"

Mtoto alilazwa siku tatu. Alipona, ila ilikuwa ponea chupuchupu.

Wiki ileile nesi alizunguka nyumba kwa nyumba, akimwomba kila mama achanganye mbele yake. Waliopatia walikuwa watano. Watano, na daftari linasema wote wameelewa.

"Nikajiuliza, ni watoto wangapi wamenyweshwa chumvi kwa maneno yangu?"

Akaifuta ile sentensi. Mpya inasema: mwisho wa somo, kinamama wasiopungua ishirini, kila mmoja peke yake, wachanganye pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi, kwa chombo cha nyumbani kwao, bila kuelekezwa.

"Kuelewa sikuoni," anasema. "Lita naiona."

Kwa hiyo leo wanaitwa mmoja mmoja. Fundi cherehani, mcheshi wa dakika chache zilizopita, anamimina maji nusu tu ya chupa yake ya lita moja na kuangusha pakiti yote. Hakuna anayecheka.

Wa mwisho ni mkaza mwana. Ametoa kwenye kikapu dumu la mafuta lililooshwa, lenye mstari wa rangi ya kucha ubavuni unaoonyesha lita moja. Anajaza mpaka mstarini, anatia unga, anakoroga. Halimwagiki hata tone.

Nesi anaandika: kumi na saba. Lengo halikufikiwa. Hafuti.

Anataka, kabla hajastaafu mwakani, ukurasa mmoja tu usomeke ishirini na nne, na awakute hivyohivyo majumbani mwezi mmoja baadaye.

Waliokosea wanaanza kukusanya kanga zao. Mkaza mwana anasimama mlangoni na dumu lake.

"Rudini mezani," anasema. "Mimi pia nilidhani najua."